UZI: Chuo kinataka kung'oa sakafu ya michezo ya wote kiweke nyasi bandia za bendi, tuongee kabla greda halijaingia

Mleta uzi

Wakuu habari zenu.

Huu uzi unawahusu zaidi waliosoma au wanaosoma vyuo vya Marekani, hasa mliopita kwenye bendi za gwaride, na nyie mliokuwa mkitoka darasani moja kwa moja kwenye kikapu. Kuna chuo kimoja, jina tuliache, kina sakafu kubwa ya lami ambayo ni ya kila mtu. Upande mmoja magoli ya kikapu, katikati mistari ya tenisi, ikifika jioni utakuta watu wa skeiti, watu wa hoki ya magurudumu, jamaa wanapiga kriketi kwa mpira wa tenisi, mtu anamfundisha mwenzie baiskeli, na msimu wa vuli ukifika bendi nayo inaingia na mangoma yake. Sasa pendekezo lililopo ni kung'oa lami yote na kutandika nyasi bandia zenye mistari ya futiboli ya Kimarekani ili bendi ipate pa kufanyia mazoezi, halafu kwenye karatasi bado wameandika ni eneo la burudani la wanafunzi wote.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizunguke. Mimi ni mtu wa bendi, nimebeba susafoni, lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani, na nataka bendi ipate nyasi. Ninachokataa ni kuing'oa hiyo sakafu kabla nyingine ngumu haijajengwa na kuanza kutumika. Ijengwe kwanza, watu wahamie, ndo greda liingie.

Kwa wasioijua hii kazi, ngoja nieleze kwa nini bendi inalia na lami, maana nimeshasikia watu wanasema tunadeka. Bendi ya chuo kikubwa ina watu 200, 300, ile ya Texas A&M inapita 400, na kila mmoja ana nukta yake uwanjani kwa kila umbo linalochorwa. Hatua ya kawaida ni nane kwa kila yadi 5, yaani kama sentimita 57 kila hatua, na inatakiwa iwe hivyohivyo ukienda mbele, ukienda ubavu, ukirudi kinyumenyume. Kurudi kinyumenyume unatembelea vidole, kisigino hakigusi chini, chombo kiko mdomoni, kidevu juu, na kuangalia chini hairuhusiwi. Fanya hivyo kwenye lami masaa mawili mfululizo, kesho yake tena, kesho kutwa tena, ugoko unaanza kuuma mpaka kushuka ngazi za bweni ni mateso. Susafoni ya shaba inaweza kufika kilo 15 na iko bega moja, wa ngoma tano za tenori mzigo wote uko kifuani unamvuta mbele. Mtu akijikwaa anarudi nyuma anaanguka na chombo, na mikono haiwezi kumkinga kwa sababu imeshika chombo.

Halafu kuna mistari. Karatasi ya mpigaji inamwambia kitu kama "hatua 3 nje ya yadi 40 upande wa kushoto, hatua 6 nyuma ya alama za kati". Bila mistari ya yadi hiyo karatasi haina kazi. Hii kazi ya kuandika herufi kwa miili ya watu ni ya siku nyingi, chuo cha Purdue walitengeneza P yao uwanjani mwaka 1907, Ohio State wakaanza kuliandika neno zima la Ohio kwa mwandiko wa kuunganisha mwaka 1936, na hakuna anayeandika neno lile akiwa anakisia mguu uko wapi. Kwa hiyo hitaji la bendi ni la kweli kabisa.

Ila mpira wa kikapu haudundi kwenye kapeti la nyasi bandia. Skeiti haitembei kwenye kapeti. Nyie mnaonaje?

Dunda Jioni

Mkuu asante kwa uzi, mimi ni wa kikapu na nasema wazi naumia. Watu wanaongelea ile lami kama vile imekaa bure, yaani kwa kuwa hakuna timu yenye jina na jezi inayoimiliki basi haina mwenyewe. Bendi ina mkurugenzi, ina ofisi, ina wazee wahitimu wanaochangia hela, wakiitwa kikaoni wanakuja na mafaili. Sisi wa kikapu cha jioni tuna nani? Mtu anakuja na mpira wake, anauliza "nani anafuata", anaingia. Hakuna orodha ya wanachama, hakuna barua, kwahiyo kwenye ile ripoti yao sisi hatupo, na nilivyoisoma kweli hatupo, wameandika matumizi ya sasa ni "yasiyo rasmi".

Piga hesabu kidogo. Uwanja kamili wa futiboli ya Kimarekani pamoja na maeneo ya mwisho ni yadi 120 kwa yadi 53 na kitu, kama mita 110 kwa mita 49, hiyo ni mita za mraba zinazozidi 5,300. Uwanja mmoja wa kikapu ni kama mita za mraba 437. Viwanja vya tenisi na nafasi zake za pembeni vinaingia kama sita hapo. Kwahiyo anayesema "mtahamia gym ya ndani" aende akaione hiyo gym saa kumi na mbili jioni ndo aje aongee, kuna mstari wa watu wanasubiri na ule ni wakati lami ya nje bado ipo.

Na ile lami haikudai kitu kwa mtu, hakuna kujiandikisha, hakuna kuonyesha kitambulisho, mwanafunzi mgeni ambaye hajui mtu hata mmoja anashuka pale na ndani ya nusu saa ana marafiki tisa.

Mzee wa Trampeti

Ndugu zangu na bendi nayo ni wanafunzi. Hilo mnalisahau. Watu 250 kila siku ya wiki kuanzia Agosti mpaka msimu uishe, hakuna kundi jingine lolote linalojaza ile sehemu kwa idadi hiyo kwa mpigo mmoja. Halafu bendi imekuwa ikifukuzwa kila kona, uwanja mkuu ni wa timu ya futiboli hatuugusi mpaka siku ya mechi, nyasi asili tukizikanyaga wiki mbili zinageuka tope tunaambiwa tumeharibu, tukienda maegesho tunasubiri magari yatoke na bado kuna moja limebaki katikati ya yadi 30 na watu wanalizunguka wakiwa wanapiga. Hiyo ndo hali ya bendi nyingi. Sasa imepatikana nafasi na hela, tuseme subirini tena?

Mimi nasema wapewe. Na nyasi bandia sio za bendi peke yake, watu wa frizbi (kile kisahani cha kurushiana), watu wa soka, watu wa raga ya kugusa, wote watacheza, na usiku taa zikiwaka watacheza zaidi. Lami walikuwa wanacheza watu kumi kila goli, kwenye nyasi wanaingia wengi zaidi.

Mleta uzi

Mzee wa Trampeti hapo nakuelewa na hiyo gari katikati ya yadi 30 nimeizunguka sana. Ila angalia hao uliowataja, soka, frizbi, raga, wote ni michezo ambayo tayari ina pa kuchezea kwenye majani asili, hata kama ni mabaya. Wanaotolewa ni wale wanaohitaji sakafu ngumu, na hao hawana pengine. Huwezi kumwambia mtu wa hoki ya magurudumu kwamba amepata faida kwa sababu wa frizbi ameongezewa uwanja.

Na kuna historia hapa inafaa watu waijue. Nyasi bandia zilipoanza, wazo halikuwa la timu za kulipwa. Taasisi ya Ford, kupitia idara yake iliyoshughulikia majengo ya shule, ilikuwa inasumbuliwa na watoto wa mijini ambao wana lami na zege tu pa kuchezea, ikataka kitu laini kinachofanana na majani ambacho hakitakufa kwa kukanyagwa. Mwaka 1964 zikatandikwa kwenye shule ya Moses Brown kule Providence, Rhode Island. Uwanja wa Astrodome wa Houston ulifunguliwa 1965 ukiwa na majani asili chini ya paa la plastiki angavu, wachezaji wa besiboli wakawa hawauoni mpira kwa mng'ao, paa likapakwa rangi, majani yakakosa jua yakafa, na 1966 wakaweka zile za kampuni ya Monsanto ndo zikapata jina la AstroTurf. Kwahiyo kilianza kama kitu cha mtoto asiye na pa kucheza. Mimi hiyo hoja naipenda, na kwa sababu naipenda ndo sitaki itumike kumwondoa mtu ambaye tayari ana pa kucheza.

Fundi wa Viwanja

Nimefanya kazi ya viwanja miaka mingi, niwape upande wa ufundi maana naona watu wanadhani ni kukunjua zulia tu.

Lami inang'olewa yote au inachongwa, udongo unasawazishwa, mabomba ya kutolea maji yanalazwa, kokoto zinashindiliwa kwa matabaka, juu yake wengine wanaweka mkeka wa kupunguza mshtuko, ndo kapeti linakuja kwa vipande vya roli na kuunganishwa kwa gundi au uzi. Halafu katikati ya nyuzi unajaza mchanga na punje za mpira, nyingi zinatoka kwenye matairi ya zamani yaliyosagwa. Uwanja kamili kwa bei za Marekani mara nyingi unazidi dola milioni 1, na hapo hujaweka taa wala uzio. Kapeti lenyewe linaishi kama miaka 8 mpaka 12 kutegemea matumizi, baada ya hapo unalipa tena mamia ya maelfu kulibadilisha, na la zamani halina pa kwenda kirahisi, ni tani na tani za plastiki na mchanga vimechanganyika.

Sasa swali ambalo nawaomba mliulize kabla ya yote, hela ya kubadilisha mwaka wa kumi iko wapi? Wafadhili wanapenda kukata utepe, hakuna anayechangia kapeti la pili. Nimeona sehemu kapeti limeisha, maungio yamefumuka, ukipita mguu unanasa kabisa, na uwanja unafungwa mwaka mzima kwa sababu hakuna fungu. Kwa bendi inayorudi nyuma bila kuangalia chini hayo maungio ni hatari kuliko lami.

La pili ugumu. Watu wanadhani nyasi bandia ni laini milele. Punje zinahama, zinakusanyika pembeni, katikati panabaki pagumu. Kuna kipimo cha kudondosha uzito kinachopima mshtuko, viwango vya Marekani vinataka usizidi 200, na uwanja usiochanwa kwa brashi wala kuongezewa punje unapanda taratibu kuelekea huko. Kwahiyo mkitaka magoti ya watoto wenu yapone lazima kuwe na mtu na mashine ya kuchana, kila mara, sio mara moja kwa mwaka.

Mistari nayo. Ya bendi ikishonwa ndani ya kapeti haifutiki. Ongeza mistari ya soka rangi ya njano, ya lakrosi rangi ya bluu, uwanja unakuwa vurugu tupu. Na mjue alama za kati za vyuo haziko sawa na za sekondari, za vyuo zinaachana futi 40, za sekondari futi 53 na inchi 4, aliyeagiza asipoangalia bendi itafanya mazoezi kwenye alama ambazo siku ya mechi hazipo.

Mama Filimbi

Nashukuru Fundi. Mimi niongezee la joto maana hapa naona kila mtu anasema lami inachoma kana kwamba kapeti ni kivuli.

Brigham Young University walipima mwaka 2002, siku ambayo hewa ilikuwa kama nyuzi 37 za Selsiasi, uso wa nyasi bandia ulifika nyuzi 93. Na wastani wao ulionyesha kapeti lina joto kuliko lami, achilia mbali majani asili ambayo yalikuwa mbali sana chini. Wakamwagia maji, joto likashuka mpaka kama nyuzi 29, dakika tano limerudi 49, dakika ishirini limefika 73. Na kambi ya bendi ni mwezi wa nane, jua la mchana, watoto wako pale tangu asubuhi mpaka jioni. Mwanangu wa kwanza alikuwa anarudi soli za viatu zimelegea gundi. Kwahiyo hayo masaa ya mazoezi yapangwe upya, asubuhi sana na jioni, na kivuli kijengwe na maji yawepo palepale, sio umbali wa kutembea.

Kitu kingine watu wa bendi mtanielewa, zile punje nyeusi. Unaweka tromboni chini wakati wa kupumzika, punje moja inaingia kwenye bomba la kutelezea, ukivuta inakwaruza mpaka unasikia kwenye meno. Klarineti ndo usiseme. Na marimba na vibrafoni, vile vyombo vikubwa vya kugonga vinavyokaa mstari wa mbele, ziko kwenye magurudumu, kwenye lami zinasukumwa na mtu mmoja, kwenye kapeti zinazama inabidi kulaza mbao. Sisemi nyasi ziachwe, nasema anayechora mchoro aweke ukanda wa zege mbele na pembeni kwa ajili ya vyombo vya magurudumu.

Dunda Jioni

Ukanda wa zege mbele na pembeni. Dada hapo umetupa kitu. Huo ukanda ukiwa mpana kidogo magoli mawili ya kikapu yanakaa.

Mama Filimbi

Yanakaa kabisa, na wakati wa mazoezi ya bendi yatakuwa nyuma ya marimba kwahiyo hamtacheza masaa hayo, ila masaa mengine yote ni yenu.

Kiti Mwendo

Habari zenu. Naona michezo mingi imetajwa ila sijatajwa mimi. Natumia kiti cha magurudumu na ile lami ndo sehemu pekee ya nje pale chuoni ambayo naingia bila kumwomba mtu anisukume. Huwa nazunguka pembeni asubuhi kabla ya watu, mara kumi, ishirini, ndo mazoezi yangu, na jumamosi tunacheza kikapu cha viti watu wachache.

Kwenye kapeti lenye punje kiti kinakuwa kizito, magurudumu madogo ya mbele yanazama, mabega yanauma baada ya muda mfupi. Naweza kupita, siwezi kucheza. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 ipo, najua watasema wataweka njia ya kufika uwanjani na wataiweka. Kufika nitafika. Nikishafika nifanye nini?

Sina ubaya na bendi. Nawaomba tu kwenye hayo mahesabu ya watu 250 mkumbuke kuna mtu mmoja ambaye kwake hakuna sehemu ya pili.

Mzee wa Trampeti

Kiti Mwendo nimekusoma mara mbili. Hili sikuwa nimelisikia kwenye vikao vyote na nilikuwepo. Sibadilishi kwamba bendi inahitaji uwanja, ila hii ya kujenga sakafu ngumu kwanza nakubaliana na mleta uzi, na hiyo sakafu iwe na njia ya kuzunguka.

Jirani wa Bweni C

Na kelele je? Mimi naishi dirisha linatazama pale pale. Wakipiga ngoma saa kumi na mbili jioni siwezi kusoma, na sasa wakiwekewa uwanja rasmi wenye taa si watapiga mpaka saa nne usiku?

Mleta uzi

Jirani swali lako ni la haki na lina pande mbili. Kwenu nyie, nyasi zinasaidia kidogo kwa sababu lami inarudisha sauti juu na kuitupa ukutani, kapeti lenye mchanga linameza sehemu yake. Lakini msitegemee miujiza, safu ya ngoma na trampeti 60 zikielekezwa bweni lako zitakufikia tu. Dawa ni bendi itazame upande mwingine, mnara wa mkurugenzi ujengwe upande wa mabweni ili vyombo vielekee... hapana hapo vitaelekea kwenu, mnara ukae upande wa mbali na bweni, wapigaji wakimwangalia wanawapa mgongo. Na saa ya mwisho iandikwe.

Upande wa pili ni wa wapigaji wenyewe. Kikomo cha kelele kinachotumika na watafiti wa afya kazini kule Marekani ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, 88 masaa manne, 91 masaa mawili, 94 saa moja, 100 ni robo saa. Safu ya ngoma inafika huko bila shida. Kwenye lami iliyozungukwa na kuta sauti inakurudia mara ya pili. Hii ni sababu nyingine naitaka nyasi, na ni sababu ambayo haitajwi kabisa kwenye lile pendekezo, wamejaza kurasa za muonekano wa chuo kwa wageni.

Mwanafunzi wa Kemia

Jamani na zile punje za matairi mnazipita tu? Kule Ulaya wameshapitisha mwaka 2023 kwamba punje za plastiki na mpira za kujazia viwanja hazitauzwa tena kuanzia Oktoba 2031, sababu kubwa ni kwamba zinatoka uwanjani kwa maji, upepo na viatu zinaishia kwenye mito na udongo. Upande wa afya mashirika ya serikali ya Marekani yalitoa ripoti 2019 na 2024, walikuta kemikali zimo ila kinachoonekana kuingia mwilini kwa mchezaji ni kidogo. Kwahiyo sitaki kumtisha mtu kwa saratani, hilo ushahidi wake hauko hivyo, ila la mazingira ni la kweli na kuna mbadala, kuna magamba ya mti wa koki, kuna nyuzi za nazi, kuna mchanga uliopakwa. Ukijenga leo kitu cha kukaa miaka kumi kwa kutumia malighafi ambayo wenzio wameshaitangazia mwisho, unajipa shida ya baadaye.

Fundi wa Viwanja

Uko sahihi. Koki ni nyepesi, mvua kubwa inaelea inasogea, nyuzi za nazi zinataka maji. Ila kwa joto zote mbili ni nafuu kuliko punje nyeusi. Kwa bendi ambayo haipigi mateke wala haitelezi kama wachezaji wa soka, mimi ningechukua koki.

Dunda Jioni

Mleta uzi rudi kwenye hoja yako, hiyo sakafu ngumu ya kwanza ijengwe wapi? Chuo kitasema hakina ardhi.

Mleta uzi

Ardhi ipo, tatizo ni kwamba iko chini ya magari. Vyuo vingi vya Marekani vina maegesho ya wazi yanayojaa asubuhi na kubaki tupu jioni na jumamosi, na lami ya maegesho ikikarabatiwa vizuri, ikapakwa ile rangi ya akriliki ya viwanja, ikawekewa magoli na uzio, kazi imeisha kwa gharama ambayo haikaribii kapeti. Wakichukua sehemu moja ya maegesho moja kwa moja, sio kwa kupokezana na magari, kikapu, skeiti, hoki na Kiti Mwendo wanapata pao.

Na isiwe ngeni kwao, wanajua kufanya hivyo wakitaka. Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa na uwanja wa Elbel Field, bendi inafanya mazoezi pale na wanafunzi wengine wanacheza pale, chuo kilipotaka kujenga mabweni kwenye ule uwanja bendi haikuambiwa ijitafutie, ilipangiwa uwanja mpya jirani na pale. Heshima hiyohiyo aliyopewa mpiga trampeti apewe mpiga kikapu.

Kuhusu masaa, hapa ndo penye moyo wa mambo na nawaomba watu wa bendi wenzangu msinichukie. Msimu wetu ni Agosti mpaka mwanzoni mwa Desemba, labda na wiki kadhaa za Januari kama timu imefuzu mechi ya mwisho wa msimu. Ndani ya msimu tunahitaji masaa mawili au matatu kwa siku. Sehemu kubwa ya mwaka uwanja utakuwa hauna bendi kabisa. Nilichokiona kwenye viwanja vya aina hii ni kwamba mwaka wa kwanza geti liko wazi, mwaka wa pili kuna kufuli "kulinda uwekezaji", mwaka wa tatu unajaza fomu siku kumi kabla na lazima uwe klabu iliyosajiliwa. Hapo yule mwanafunzi mgeni aliyemsema Dunda Jioni ameshatolewa na hakuna aliyepiga kura kumtoa. Kwahiyo kwenye mkataba wa matumizi iandikwe geti halifungwi nje ya masaa ya bendi mpaka saa ya kuzima taa, na kubadilisha hicho kipengele iwe lazima kurudi kwa wanafunzi.

Hela nayo lazima ijulikane inatoka mfuko gani. Kama ni ya wafadhili wa bendi na idara ya muziki, sawa, waite uwanja wa bendi na watu wengine wawe wageni wanaokaribishwa, hiyo ni lugha ya wazi na sitaipinga ilimradi sakafu ngumu imeshajengwa. Kama ni ada ya burudani ambayo kila mwanafunzi anakatwa kila muhula, basi mwanafunzi wa skeiti anachangia kapeti asiloweza kutumia, na hapo ana haki ya kuulizwa kabla. Kuchukua hela ya wote, kumpa mmoja, na kuandika jina la wote, hilo silikubali hata kama mmoja mwenyewe ni bendi yangu.

Mzee wa Trampeti

Umenena. Kikao cha kamati kinakuja, mimi nitaingia kwa nafasi ya wahitimu wa bendi. Nataka nikiingia niwe na karatasi na sio maneno. Kiti Mwendo na Dunda Jioni mnaweza kuja? Wahitimu tuna viti viwili vya wageni.

Kiti Mwendo

Nitakuja. Niambieni tu ukumbi uko ghorofa ya ngapi na lifti inafanya kazi.

Dunda Jioni

Nipo. Nitahesabu watu wa jioni wiki hii nzima, kila saa, kila mchezo, nije na namba za kweli ili wasiseme tena hatupo.

Mleta uzi

Safi sana. Dunda Jioni hesabu na asubuhi pia, saa za Kiti Mwendo, na uweke mvua ilinyesha au haikunyesha. Fundi naomba unisaidie makadirio ya kuchana na kuongeza punje kwa mwaka pamoja na kiasi cha kuweka akiba kila mwaka kwa kapeti la pili, hata kwa makisio ya juu na ya chini. Mama Filimbi chora ule ukanda wa zege na vipimo vyake. Na yeyote mwenye nakala ya mkataba wa matumizi wa uwanja wa aina hii kutoka chuo chochote, afute majina ya watu auweke hapa tuupitie kipengele kwa kipengele kabla ya kikao.